Nani Anamlisha Mtoto Wako? Historia ya Matangazo ya Vyakula na Sheria Zake

Ndugu msomaji, ukimuuliza mzazi yeyote ni nani anayemlisha mtoto wake, atakujibu haraka: ni mimi. Mimi ndiye ninayekwenda sokoni, mimi ndiye ninayewasha jiko. Jawabu hilo ni kweli, lakini si kweli yote. Hebu muulize tena: ni nani aliyemfundisha mtoto huyo kuililia soda fulani kwa jina lake, na biskuti fulani kwa rangi ya karatasi yake, kabla hata hajajua kusoma? Hapo mzazi atanyamaza kidogo. Kumbe nyumbani kuna mwalimu mwingine, na mwalimu huyo hafundishi kwa ajili ya mtoto bali kwa ajili ya mauzo.

Mwalimu huyo ni tangazo la biashara. Yuko kwenye runinga, yuko kwenye redio, yuko kwenye bango la barabarani, na siku hizi yuko ndani ya simu. Katika makala haya tutatazama jinsi mataifa mbalimbali yalivyojaribu kumwekea mipaka: wapi walishindwa, wapi walifaulu, na sisi hapa Kenya tumefika wapi. Tutaona mambo mawili yakijirudia. Kwanza, pale ambapo jambo hili liliachiwa hiari ya wauzaji, mtoto ndiye aliyepata hasara. Pili, hata pale sheria ilipoandikwa, tangazo lilitafuta ufa wa kupenyea. Na wahenga walishatuonya kuhusu ufa: usipouziba, utajenga ukuta.

Ilianza na maziwa ya kopo

Vita hivi havikuanzia kwenye soda wala chipsi. Vilianza kwa watoto wachanga kabisa.

Daktari Cicely Williams alizaliwa Jamaica mwaka 1893. Katika miaka ya 1930 alifanya kazi Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana, na huko ndiko alikoueleza ulimwengu wa tiba juu ya ugonjwa wa kwashiorkor, akitumia jina walilolitumia wenyeji wenyewe. Baadaye akahamishiwa Singapore. Huko akakuta msiba wa aina nyingine. Kampuni za maziwa ya kopo yenye sukari zilikuwa zikiwatuma wanawake waliovaa kama wauguzi kuwashawishi akina mama waliojifungua waache kunyonyesha. Mama maskini akinunua kopo huongeza maji mengi ili lidumu, na maji yenyewe mara nyingi si safi. Mtoto akaharisha, akakonda, akafa.

Mwaka 1939 daktari huyu alisimama mbele ya wafanyabiashara na wakubwa wa mji, katika klabu ya Rotary, akatoa hotuba aliyoipa jina linalohusu maziwa na mauaji. Alisema wazi kwamba vifo vinavyotokana na upotoshaji kuhusu ulishaji wa watoto vihesabiwe kuwa ni mauaji. Kwa mwanamke wa zama zile kusema hivyo mbele ya wakubwa wale, si mchezo.

Ilichukua zaidi ya miaka 40 kabla ya dunia kumsikia. Mwaka 1974 shirika la Uingereza la War on Want lilichapisha kijitabu kilichozishutumu kampuni za maziwa ya watoto kwa namna zilivyokuwa zikiuza bidhaa zao katika nchi maskini. Mwaka 1977 kukaanza mgomo Marekani wa kutonunua bidhaa za Nestlé. Na mnamo Mei 1981, Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ukapitisha kanuni za kimataifa za uuzaji wa maziwa yanayochukua nafasi ya maziwa ya mama. Kura zilikuwa 118 za kukubali na 1 ya kukataa. Kura hiyo moja ilikuwa ya Marekani.

Kenya ilizigeuza kanuni hizo kuwa sheria ya nchi mwaka 2012. Tangu hapo ni marufuku kutangaza maziwa ya kopo ya watoto wachanga, na ni marufuku kuwagawia akina mama sampuli za bure. Takwimu za taifa zinaonyesha kuwa watoto wa chini ya miezi 6 waliokuwa wakinyonya maziwa ya mama pekee walikuwa asilimia 32 katika uchunguzi wa 2008-09, wakafika asilimia 61 mwaka 2014. Hatuwezi kusema sheria peke yake ndiyo iliyoleta mabadiliko hayo, kwani wauguzi, wakunga na wahudumu wa afya wa vijijini walifanya kazi kubwa. Lakini ni jambo la maana kwamba mama aliyekuwa akishauriwa na muuguzi hakuwa tena akivutwa upande wa pili na tangazo.

Sasa tazama tofauti. Mtoto mchanga hawezi kutazama runinga. Ili kumfikia, muuzaji alilazimika kupitia kwa mama yake. Mtoto akishafika miaka 3 au 4, njia inafunguka moja kwa moja. Muuzaji hamhitaji mama tena, isipokuwa kwa jambo moja tu: kulipa.

Akina mama wa Marekani na tume iliyonyang'anywa meno

Mwaka 1968, katika jimbo la Massachusetts, akina mama wachache wakiongozwa na Peggy Charren walikusanyika kwenye sebule ya nyumba wakazungumza juu ya kile watoto wao walichokuwa wakitazama. Wakaunda chama cha kutetea watoto mbele ya runinga. Wakati huo Jumamosi asubuhi ilikuwa saa ya katuni, na baina ya katuni moja na nyingine yalipita matangazo ya peremende, ya biskuti na ya nafaka za boksi zilizokolezwa sukari, zile zinazomiminiwa maziwa asubuhi.

Akina mama hao hawakuwa wakilalamika ovyo. Wataalamu wa malezi walikuwa wakigundua jambo la maana: mtoto wa chini ya miaka 8 kwa kawaida haelewi kwamba tangazo lina nia ya kumshawishi. Mdogo zaidi, wa miaka 4 hivi, huenda hata asitambue kipindi kimeishia wapi na tangazo limeanzia wapi. Kwake yeye, yule mnyama wa katuni anayemwambia nafaka hii ni tamu ni rafiki anayempa habari, kama vile shangazi anavyomwambia mahamri yameiva. Mtu mzima akidanganywa na tangazo, tutasema ana akili zake. Mtoto tutasema nini?

Mwaka 1977 chama hicho, pamoja na shirika jingine la kutetea walaji, kilipeleka maombi kwa Tume ya Biashara ya serikali kuu ya Marekani. Mwenyekiti wa tume alikuwa Michael Pertschuk, aliyeteuliwa na Rais Jimmy Carter. Mapema mwaka 1978 maafisa wa tume walitoa pendekezo zito: matangazo yote ya runinga yanayowalenga watoto wadogo wasioweza kuyaelewa yapigwe marufuku, na yale ya vyakula vya sukari vinavyoozesha meno yasiwalenge watoto wa chini ya miaka 12.

Moto ukawaka. Watengenezaji wa vyakula, wa vitu vya watoto na wenye vituo vya runinga waliungana. Gazeti la Washington Post liliandika tahariri ya kuidhihaki tume hiyo, ati inataka kuwa yaya wa taifa zima; kazi ya kumkataza mtoto peremende ni ya mzazi, si ya serikali. Hoja hiyo ilipendeza masikioni mwa wengi. Bunge la Marekani likasikiliza. Mwaka 1980 likapitisha sheria iliyoinyang'anya tume uwezo wa kutunga kanuni hiyo, na kwa muda mfupi mwezi Mei mwaka huo tume ikafungwa kwa kukosa fedha. Mwaka 1981 shauri likazikwa.

Ndugu msomaji, tusiipite hoja ile ya mzazi haraka haraka, kwa sababu hata leo hapa kwetu utaisikia: mzazi ndiye mwenye mfuko, aseme hapana basi, yaishe. Ni kweli mzazi ana wajibu. Lakini tazama mizani ilivyo. Upande mmoja yuko mama aliyechoka, ametoka kazini, ana watoto 3 na shilingi za kuhesabu. Upande wa pili kuna kampuni yenye wachoraji, waimbaji na wataalamu wa kusoma akili za watoto. Na kampuni hiyo haizungumzi na mama. Inazungumza na mtoto, ili mtoto naye aende akamsumbue mama. Kumwambia mama huyo aseme hapana mara 20 kwa siku, halafu akishindwa tumlaumu, hiyo si haki.

Quebec walithubutu

Mwaka ule ule wa 1980, wakati Marekani ikirudi nyuma, jirani yake alisonga mbele. Quebec, jimbo la Kanada linalozungumza Kifaransa, lilikuwa limepitisha sheria ya kulinda walaji mwaka 1978. Kuanzia tarehe 30 Aprili 1980, ikawa ni marufuku kumwelekezea tangazo la biashara mtoto wa chini ya miaka 13. Marufuku hiyo haikuhusu chakula peke yake. Ilihusu bidhaa yoyote.

Utauliza, tangazo linajulikanaje kuwa limemlenga mtoto? Sheria yao inauliza maswali matatu. Bidhaa hiyo ni ya namna gani na ni ya nani? Tangazo limetengenezwa vipi: kwa katuni, kwa sauti za kitoto, kwa nyimbo? Na limetolewa saa ngapi na mahali gani? Maswali hayo ni mepesi kiasi kwamba mzazi yeyote angeweza kuyauliza mwenyewe sebuleni.

Kampuni moja ya kuuza vitu vya kuchezea, Irwin Toy, ilikwenda mahakamani ikidai uhuru wake wa kusema umeingiliwa. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Kanada. Mwaka 1989 majaji 3 kati ya 5 waliamua kwamba, naam, uhuru wa kusema umeguswa, lakini umeguswa kwa sababu ya haki, kwa kuwa watoto ni kundi linalodanganyika kwa urahisi na dola ina wajibu wa kuwalinda. Sheria ikabaki.

Je, ilileta faida yoyote mezani? Watafiti wawili, Dhar na Baylis, walipata njia nzuri ya kupima. Familia za Quebec zinazozungumza Kifaransa hutazama zaidi vituo vya kwao, ambavyo sheria inavibana. Zile zinazozungumza Kiingereza hutazama pia vituo vya Marekani, ambavyo sheria haivifikii. Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2011, waliona kwamba marufuku hiyo ilipunguza kwa asilimia 13 uwezekano wa familia kununua chakula cha haraka kwa wiki. Jimbo lile lile, maduka yale yale. Tofauti ni nani aliyekuwa akizungumza na mtoto.

Lakini hapo hapo tumeuona na ufa wa kwanza: mpaka wa nchi. Sweden iliuona kwa uchungu zaidi. Mwaka 1991 ilipiga marufuku matangazo ya runinga yanayowalenga watoto wa chini ya miaka 12. Kulikuwa na kituo kimoja kilichorusha matangazo yake kutoka London huku kikitazamwa Sweden, na mwaka 1997 Mahakama ya Ulaya ikaamua kwamba Sweden haiwezi kutumia marufuku hiyo kwa vituo vinavyorusha kutoka nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya. Mlango ulifungwa, dirisha likabaki wazi.

Uingereza: kipindi cha watoto na kipindi wanachotazama watoto

Uingereza iliingia katika jambo hili kwa hatua ndogo ndogo. Mwaka 2005 mpishi Jamie Oliver alitengeneza mfululizo wa vipindi vya runinga kuhusu chakula wanachopewa wanafunzi shuleni, na wazazi wengi wakashtuka walipoona watoto wanalishwa nini. Kuanzia mwaka 2007, mamlaka ya utangazaji ya Ofcom ikaanza kuzuia matangazo ya vyakula vyenye mafuta, chumvi au sukari nyingi katika vipindi vya watoto, na kufikia Januari 2009 yakaondolewa kabisa katika vituo vya watoto.

Ofcom ilipopima, ilikuta kwamba watoto walikuwa wameona matangazo hayo pungufu kwa asilimia 37 mwaka 2009 kulinganisha na 2005. Si haba. Lakini hebu jiulize: zile nyingine waliziona wapi? Waliziona katika vipindi vya jioni, vile vya mashindano ya kuimba na michezo ya kuigiza, ambavyo familia nzima hukaa kuvitazama. Sheria ilihesabu vipindi vilivyotengenezwa kwa ajili ya watoto. Haikuhesabu vipindi ambavyo watoto huvitazama. Huo ni ufa wa pili, ufa wa saa.

Iliwachukua Waingereza karibu miaka 20 kuuziba. Tangu tarehe 5 Januari 2026, matangazo ya bidhaa za aina hiyo zilizoorodheshwa hayaruhusiwi kwenye runinga kabla ya saa 3 usiku, na matangazo yake ya kulipia kwenye intaneti hayaruhusiwi saa yoyote.

Chile na simbamarara aliyefukuzwa kwenye boksi

Nchi iliyokwenda mbali zaidi si tajiri kama hizo. Ni Chile, huko Amerika ya Kusini. Wachile walikuwa wanywaji wakubwa wa soda, na watoto wengi walikuwa wakianza darasa la kwanza wakiwa tayari na uzito kupita kiasi. Seneta Guido Girardi, ambaye kabla ya siasa alikuwa daktari wa watoto, alipeleka mswada bungeni mwaka 2007. Ulipigwa vita mwaka baada ya mwaka. Ukawa sheria mwaka 2012, na ukaanza kutumika tarehe 27 Juni 2016. Rais wakati huo alikuwa Michelle Bachelet, naye pia daktari wa watoto.

Sheria ya Chile ina mikono mingi, na mikono hiyo inashikana. Kwanza, kila chakula cha paketi chenye sukari, chumvi, mafuta mabaya au kalori kupita kiwango kilichowekwa lazima kibandikwe alama nyeusi yenye pembe 8, kama ile alama ya barabarani ya kumsimamisha dereva. Mtoto asiyejua kusoma anaielewa. Pili, chakula chenye alama hiyo hakiuzwi wala kutangazwa shuleni. Tatu, hakitangazwi kwa watoto wa chini ya miaka 14. Nne, paketi yake haiwezi kuwa na katuni wala zawadi ya kumvutia mtoto. Ndiyo maana yule simbamarara maarufu wa nafaka za Kellogg's, aliyekuwa akiwachekea watoto tangu miaka ya 1950, akaondolewa kwenye boksi nchini Chile. Mayai ya chokoleti yenye kitu cha kuchezea ndani nayo yakatoka madukani.

Kisha mwaka 2018 wakaziba ule ufa wa saa uliowashinda Waingereza: vyakula hivyo visitangazwe kabisa kwenye runinga wala sinema kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku, kipindi kiwe cha nani kiwe cha nani.

Matokeo yalipimwa. Hata kabla ya hatua ya 2018, katika mwaka wa kwanza tu, matangazo ya vyakula hivyo ambayo watoto wa chekechea waliyaona kwenye runinga yalipungua kwa karibu asilimia 44, na kwa vijana asilimia 58. Ununuzi wa vinywaji vyenye alama nyeusi ulishuka kwa karibu asilimia 24. Na jambo ambalo wengi hawakulitarajia: baadhi ya kampuni zilipunguza sukari na chumvi katika bidhaa zao ili tu zisibandikwe ile alama. Kumbe ilikuwa inawezekana siku zote. Ilikuwa haijalazimu tu.

Hatusemi kwamba Chile imemaliza unene. Hapana, uzito uliojengeka kwa kizazi kizima hauondoki kwa miaka michache. Lakini imeonyesha kwamba tabia ya kununua inaweza kugeuka, na kwamba kampuni kubwa hubadilika zinapowekewa mpaka ulio wazi.

Chombo kile kile kinaweza kufundisha mema

Isije ikadhaniwa kwamba runinga na katuni ni uovu mtupu. Panga humkata mtu, na panga hilo hilo hulima shamba. Kipindi cha Sesame Street, kilichoanza Marekani mwaka 1969, kilikuwa na mhusika mmoja aliyejulikana kwa ulafi wa biskuti. Mwaka 2005 watengenezaji wakaanza kumtumia kuwafundisha watoto kwamba biskuti ni chakula cha mara moja moja, si cha kila saa.

Mwaka huo huo walitoa matokeo ya jaribio dogo. Watoto walipewa wachague baina ya chokoleti na brokoli, ile mboga ya jamii ya kabeji. Waliochagua brokoli walikuwa asilimia 22. Kisha wakabandika picha ya Elmo, mhusika anayependwa, kwenye ile mboga. Waliochagua brokoli wakawa asilimia 50. Picha tu, bwana! Ladha ya mboga haikubadilika hata chembe.

Jaribio hilo linafundisha mambo mawili kwa pamoja. Moja, mtoto anaweza kuvutwa kwenye chakula chema. La pili, kama picha moja ina nguvu ya kumpendezesha mtoto brokoli, basi fikiria ina nguvu gani ikibandikwa kwenye kitu ambacho tayari ni kitamu. Ndiyo sababu kipindi kimoja kizuri hakitoshi ikiwa baada yake yatafuata matangazo 10 ya kukibomoa. Ukanda wetu nao una vipaji: tangu mwaka 2014, katuni za Ubongo Kids kutoka Dar es Salaam zimewafundisha watoto hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Katuni ya kumsifia mtoto kunde, mchicha, ndizi na maembe haiwezi kutushinda.

Na sisi Kenya je?

Wengine watasema: hayo ni matatizo ya matajiri, sisi watoto wetu wana njaa. Ni kweli njaa tunayo. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 18 katika kila 100 wa chini ya miaka 5 wamedumaa, na 3 katika kila 100 wana uzito kupita kiasi. Lakini mzigo huu wa pili unakuja mbio. Mwaka 2025 shirika la UNICEF lilitangaza kwamba, kwa mara ya kwanza, watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye unene wa kupindukia duniani wamekuwa wengi kuliko wenye uzito pungufu. Afrika kusini ya Sahara bado haijafika hapo. Maana yake bado tuna nafasi ya kuziba ufa kabla ya kujenga ukuta. Tena, kwa mtoto aliyedumaa, shilingi 20 iliyokwenda kwenye paketi ya kripsi ni shilingi 20 isiyokwenda kwenye yai.

Wala hatuanzi kutoka sifuri. Kenya ilipiga marufuku matangazo ya sigara kwa sheria ya mwaka 2007. Ilidhibiti vileo kwa sheria ya mwaka 2010. Ilizuia matangazo ya maziwa ya kopo mwaka 2012. Kanuni za utangazaji tayari zinatambua kwamba baina ya saa 11 alfajiri na saa 4 usiku watoto wako mbele ya runinga, na kwamba yasiyowafaa yangoje. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 46, inalitaka Bunge litunge sheria ya matangazo ya haki, ya kweli na ya heshima. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya lishe ya msingi. Naye Shirika la Afya Duniani, lililotoa mapendekezo juu ya matangazo ya vyakula kwa watoto mwaka 2010, mwaka 2023 lilizishauri nchi zitumie sheria za lazima, si ahadi za hiari. Vipande vyote viko mezani. Kilichobaki ni kuviunganisha.

Na tuwe macho na ufa wa tatu, ambao ni mpana kuliko ule wa mpaka na ule wa saa: simu. Tangazo la runinga angalau mzazi aliye sebuleni analiona. Tangazo la simu linamfuata mtoto chumbani peke yake, tena mara nyingi halisemi kama ni tangazo. Ni kijana anayechekesha, anafungua soda, anaendelea na vichekesho vyake.

Tufanye nini basi

Kwanza, tuwafundishe watoto yale maswali matatu ya Quebec, kwa lugha ya nyumbani. Mkiwa mmekaa mnasubiri adhana ya Magharibi na tangazo la kinywaji likapita, muulize mdogo wako: hiki ni cha nani? Wamekipamba kwa nini? Mbona wamekileta saa hii, tukiwa na kiu? Mtoto wa miaka 9 akishaanza kujibu maswali hayo, tangazo limepoteza nusu ya nguvu yake. Mezani nako tusiwe sisi wenyewe tangazo la pili: tende, uji, viazi vitamu, mbaazi, matunda na maji ni futari kamili, na chupa ya soda si lazima ikae katikati kama mgeni wa heshima.

Pili, shule na madrasa. Kamati za wazazi zina uwezo wa kuamua ni nini kinauzwa kwenye kibanda cha ndani, na kama ukuta wa shule utapakwa rangi za kampuni ya soda kwa sababu tu kampuni imetoa rangi ya bure. Hilo halingoji Bunge.

Tatu, vijana wa chama tuache kudhani kwamba sheria ni kazi ya wakubwa. Peggy Charren na wenzake walianzia sebuleni. Daktari Williams alianza na hotuba moja. Serikali inapoita wananchi watoe maoni juu ya kanuni za vyakula na utangazaji, kampuni hazikosi kufika. Huwa zina mawakili na makaratasi yaliyopangwa. Viti vya wazazi ndivyo vinavyobaki vitupu. Andikeni barua kwa mbunge wenu. Semeni mnataka mambo manne: umri uliotajwa, saa zilizotajwa, kiwango cha sukari na chumvi kilichotajwa, na simu isiachwe nje. Bila hayo manne tutapewa sheria yenye jina zuri na nyufa tele.

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wazee. Wauzaji wa vyakula wanaijua methali hiyo vizuri, na ndiyo maana wanamtafuta mtoto akiwa na miaka 3. Sisi wazazi, walezi na ndugu wakubwa tusichelewe kumfikia kabla yao.